UZI: `file` inasema ni bash, ripgrep hailioni, kerneli inalikataa. Aina ya skripti inajulikanaje?

Mtunza Seva (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Wiki iliyopita nimekutwa na jambo, na sikutaka lipite hivi hivi.

Natunza seva za duka moja la jumla. Kila siku saa nane usiku cron (kipanga ratiba cha mfumo) inaendesha skripti iitwayo `fungasiku`. Kazi yake ni kufunga mauzo ya siku, kutengeneza CSV na kuipeleka kwenye folda ya wahasibu. Jina lake ni hilo hilo, `fungasiku`, halina mkia wa .sh. Tulipohamisha data kutoka `/data/zamani` kwenda `/data/duka`, nikatafuta skripti zote zenye njia ya zamani kwa ripgrep, zana ya kutafuta maneno ndani ya mafaili (amri yake ni `rg`):

    rg -t sh '/data/zamani'

Yakaja mafaili tisa. Nikayarekebisha moja moja, nikajaribu, nikalala kwa amani. Saa moja kasoro asubuhi mhasibu ananipigia: hakuna ripoti ya jana.

`fungasiku` ilikuwa bado inatafuta `/data/zamani`. ripgrep haikuigusa kabisa. Nikauliza kwa `file`, amri inayotambua aina ya faili:

    $ file fungasiku
    fungasiku: Bourne-Again shell script, ASCII text executable

Bourne-Again shell ndiyo bash, programu inayosoma amri na kuzitekeleza. Faili moja, seva moja, zana mbili zinatofautiana. Nimekaa siku tatu kusoma na kujaribu, na nitashusha hapa vipande vipande. Mwenye nyongeza aongeze, mwenye kunisahihisha anisahihishe, ndiyo maana nimeleta hapa.

Naanza na lile ambalo ndilo mzizi. Kwenye Linux na ndugu zake wa Unix, faili halibebi aina yake mahali popote. Ukiandika `stat fungasiku` utaona mmiliki, ruhusa, ukubwa, saa lilipoguswa mara ya mwisho. Hakuna pahali palipoandikwa "hii ni bash". Hata jina si mali ya faili lenyewe, jina linakaa kwenye folda. Kwa hiyo kila zana inayokwambia aina ya faili inakisia, na kila moja ina dalili yake inayoiamini.

ripgrep inaamini jina peke yake. Andika `rg --type-list` uone: aina `sh` ni orodha ya majina tu, `*.sh`, `*.bash`, `.bashrc` na wenzake. Faili ambalo jina lake halimo linarukwa kabla hata halijafunguliwa. Siilaumu, maana imetengenezwa kupita kwenye maelfu ya mafaili kwa kasi. Lakini mimi nilisoma `-t sh` kama "tafuta kwenye skripti za shell", kumbe maana yake ni "tafuta kwenye mafaili yenye majina ya namna hii". Tofauti hiyo ndiyo iliyonitoa kitandani.

---

BintiKodi

Pole sana mkuu. Ndiyo maana mimi bado natumia `ack`, zana nyingine ya kutafuta, kwa kazi za namna hiyo. `ack --shell '/data/zamani'` inaangalia jina, na faili lisipokuwa na mkia inasoma mstari wa kwanza kuona kama kuna `#!` yenye bash, sh, zsh na kadhalika. Ni ya polepole kuliko ripgrep, lakini `fungasiku` ingeiona.

Swali langu: `file` nayo inaangalia mstari wa kwanza tu, au inaenda mbele zaidi?

---

Mtunza Seva

Dada, inaenda mbele sana. Hii zana ina umri mkubwa: `file` ilianza kwenye Unix toleo la 4, mwaka 1973. Hii tunayoitumia leo kwenye Linux na Mac ni ile aliyoiandika upya Ian Darwin miaka ya 1980, na kwa muda mrefu sasa inatunzwa na Christos Zoulas. Inafanya majaribio matatu kwa mpangilio, na la kwanza kupata jibu ndilo linalotangazwa.

Kwanza inauliza mfumo wa mafaili: hiki ni kitu gani? Ni folda? Ni kiungo? Kipo tupu? Faili lenye baiti sifuri linajibiwa `empty`, habari imeishia hapo.

Pili inasoma baiti za mwanzo na kuzilinganisha na orodha ndefu ya kanuni, ile wanayoiita magic. Kila kanuni inasema: nenda baiti ya ngapi, tazama kama kuna kitu fulani, kikiwepo tangaza jina fulani. PDF inaanza na `%PDF`. ZIP inaanza na `PK`. Skripti inaanza na `#!`.

Tatu, kama hakuna kanuni iliyokubali, inaangalia kama ni maandishi, ya usimbaji gani (namna herufi zinavyoandikwa kwa baiti, kama ASCII au UTF-8), na mistari yake inaishaje.

Tazameni `fungasiku` kwa karibu:

    $ head -c 16 fungasiku | xxd
    00000000: 2321 2f62 696e 2f62 6173 680a 7365 7420  #!/bin/bash.set 

Baiti mbili za mwanzo ni 23 na 21, yaani `#` na `!`. Kisha njia `/bin/bash`. Kisha `0a`, mwisho wa mstari. Hicho tu ndicho kilichoipa `file` jibu lake. Jina `fungasiku` haikulijali, na ningeliita `picha.jpg` jibu lingekuwa lile lile.

Na kuna neno moja kwenye jibu lake linalowapotosha wengi: `executable`. Halina uhusiano na `chmod +x`. Niliondoa ruhusa ya kuendesha (644), `file` ikaendelea kusema `ASCII text executable`, kwa sababu inasema kuhusu maandishi yaliyomo, haizungumzii ruhusa. Vijana wawili ofisini wameshawahi kuniambia "lakini file inasema executable" huku terminali inawajibu `Permission denied`. Wote wawili walikuwa wameona sawasawa, ni neno moja lenye maana mbili.

---

Mzee wa Terminali

Mwanangu Mtunza Seva, kazi nzuri. Niongeze habari ya `#!` yenyewe, maana wengi wanaiandika kila siku bila kujua ilikotoka.

Zamani kerneli ya Unix (kiini cha mfumo, kinachoendesha programu) ilikuwa haijui skripti kabisa. Ukiiambia iendeshe faili la maandishi ilikataa, na shell uliyokuwa ndani yake ndiyo iliyolichukua faili na kulisoma yenyewe. Shell ilipokuwa moja, yaani sh, hapakuwa na taabu. Ilipokuja shell nyingine, csh, kutoka chuo cha Berkeley, zikawa mbili, na mtu akiandika `./kazi` hakuna anayejua ni ya nani. csh ikaweka kanuni ya kukisia: faili likianza na herufi `#` ni la csh, vinginevyo lipelekwe kwa sh. Basi! Herufi moja ndiyo iliyoamua.

Januari 1980 Dennis Ritchie, pale Bell Labs, akatangaza kwamba kerneli yenyewe sasa itaangalia: faili likianza na `#!`, kinachofuata kwenye mstari huo ni jina la programu ya kulisoma. Hapo ndipo kubahatisha kulipopungua. Skripti ikaweza kuandikwa kwa lugha yoyote, na anayeiita asihitaji kujua ni lugha gani. Perl, Python, Ruby, zote zimenufaika na baiti hizo mbili.

Kwa hiyo, kwa kerneli, `#!` si dalili. Ni agizo. `file` inaisoma ili ikuambie kitu. Kerneli inaisoma ili ifanye kitu. Ndiyo maana mnaweza kukuta `file` imeridhika kabisa na kerneli imegoma.

---

Kijana wa Python

Shikamoo mzee. Hilo la mwisho limenikuta. Niliandika hivi:

    #!/usr/bin/env python3 -u

`file` ikasema `Python script`. Nikaendesha:

    /usr/bin/env: ‘python3 -u’: No such file or directory

Nilihangaika sana. python3 ipo, `which python3` inaionyesha.

---

Mzee wa Terminali

Marahaba kijana. Soma alama za kunukuu kwenye hilo kosa: `‘python3 -u’` yote pamoja. Kerneli ya Linux inachukua kila kilicho baada ya njia ya programu na kukipeleka kama kipande kimoja. `env` haikuambiwa itafute python3 na kuipa `-u`, imeambiwa itafute programu ambayo jina lake lina nafasi katikati. Tangu toleo la 8.30 la coreutils (kifurushi chenye `env`), mwaka 2018, kuna `env -S`, ambayo inakata kipande hicho yenyewe:

    #!/usr/bin/env -S python3 -u

`file` haijali hayo kwa sababu kanuni yake inatafuta neno python baada ya `env`. Imelipata, imetangaza.

---

Kijana wa Python

Asante sana mzee, imekubali!

---

Nafsi ya Windows

Mimi naandika kwenye laptopu ya Windows kisha napeleka kwenye seva. Kila mara nakutana na hii:

    bash: ./pakia.sh: /bin/bash^M: bad interpreter: No such file or directory

Nimeambiwa nitumie `dos2unix`, natumia, inapona. Lakini sijawahi kuelewa inapona nini.

---

Mtunza Seva

Kaka, tazama baiti zako ukilinganisha na zangu za juu:

    00000000: 2321 2f62 696e 2f62 6173 680d 0a73 6574  #!/bin/bash..set

Kwangu baada ya baiti `73` na `68` (herufi s na h) kuna `0a`. Kwako kuna `0d 0a`. Windows inamaliza mstari kwa baiti mbili, Unix kwa moja. Kerneli inasoma mpaka `0a`, kwa hiyo jina la programu inalolipata ni `/bin/bash` pamoja na baiti `0d` mwishoni. Programu ya jina hilo haipo kwenye seva yako, na haipo duniani. Hiyo `^M` unayoiona ndiyo `0d`. `dos2unix` inaifuta tu.

Hapa `file` inasaidia kweli kweli, kwa sababu inaitaja bila kuulizwa:

    pakia.sh: Bourne-Again shell script, ASCII text executable, with CRLF line terminators

Maneno ya mwisho ndiyo ugonjwa wako. Mimi sasa kila faili linalotoka kwa mtu mwingine nalipitisha kwenye `file` kwanza, hata kama najua ni skripti, ili nisome mkia wa jibu.

Na ukitengeneza faili kwa alama ya `>` kwenye Windows PowerShell 5.1, ni zaidi ya hapo. Inaandika UTF-16, faili linaanza na `fffe 2300 2100`, na katikati ya kila herufi kuna baiti ya sifuri. Kerneli inatafuta `2321` haioni. Bash inalichukua, inaona baiti za sifuri kwenye mstari wa kwanza, inasema `cannot execute binary file`. Mtu anafungua kwa kihariri anaona maandishi safi kabisa na anadhani seva imeharibika.

---

BintiKodi

Nimecheka kwa furaha kuona habari za usimbaji, maana mimi `file` iliniokoa kwa sababu ya ng'ombe.

Tulikuwa na skripti ya kutuma SMS kwa wafugaji. Mstari wenyewe:

    echo 'Ng'ombe wako amechanjwa'

Mnaona tatizo. Kile kikato cha ng' kinafunga nukuu, na bash inaanza kulalamika kwamba nukuu ya pili haijafungwa. Mwenzangu akanakili ujumbe kutoka Word, na Word ilishabadilisha kikato kuwa kile kilichopinda, `’`. Skripti ikakubali, tukafurahi. Baada ya wiki gharama za SMS zimepanda zaidi ya maradufu na hakuna anayejua kwa nini.

Nikaendesha `file` kwenye skripti zote za folda ile. Zote zilisema `ASCII text executable` isipokuwa hii moja: `Unicode text, UTF-8 text executable`. Kiswahili chetu hakina herufi zenye alama juu wala chini, kwa hiyo skripti yenye Kiswahili kitupu siku zote ni ASCII. Ikiwa UTF-8, kuna kitu kigeni kimeingia. Na hicho kikato kilichopinda hakimo kwenye herufi za kawaida za SMS, kwa hiyo ujumbe wote unabadilishiwa usimbaji na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70 kwa SMS moja. Ujumbe uliokuwa mmoja ukawa miwili, mingine mitatu.

Dawa ilikuwa nukuu mbili tu: `echo "Ng'ombe wako amechanjwa"`.

---

Mzee wa Terminali

BintiKodi, hicho kisa nitakisimulia kwa wanafunzi wangu. Kitu kidogo, kimeonekana kwa sababu ulilinganisha majibu.

Nami niwape kisa cha upande wa pili, `file` inapokosea, kwa sababu msiiamini kupita kiasi. Hiki kimo kwenye ripoti za hitilafu za Ubuntu, mwaka 2008 na 2009. Watumiaji waliripoti kwamba OpenOffice haichapishi siku ya Jumanne. Siku nyingine inachapisha. Mmoja alisema mkewe ndiye aliyegundua. Ukisikia hivyo utadhani ni masihara, lakini ilikuwa kweli tupu.

Skripti iliyokuwa ikipeleka kazi kwenye printa ilitumia `file` kuhakikisha kwamba inachopokea ni PostScript, lugha ya kurasa za printa. Hati za PostScript zina mstari wa tarehe ya kutengenezwa, na tarehe hiyo inaanza na siku kwa kifupi: Mon, Tue, Wed. Kwenye orodha ya kanuni kulikuwa na moja ya kutambua mafaili ya Erlang ya zamani, iliyopaswa kutafuta tarehe nzima, `Tue Jan 22 14:32:44 MET 1991`. Aliyeiandika hakuziwekea nafasi alama ya `\` mbele yake. Kwenye orodha ile, nafasi isiyo na alama ndiyo mwisho wa kitu kinachotafutwa. Ikabaki inatafuta `Tue` peke yake. Jumanne ikifika, `Tue` inaangukia mahali kanuni inapotazama, `file` inatangaza "Erlang", na skripti ya printa inaitupa hati.

Alama moja imesahauliwa, na watu wanakosa karatasi siku moja kila wiki.

---

Kijana wa Python

Kisa hicho kimenikumbusha jambo nililoliona leo nikifuata uzi huu. Nina mradi kwenye folda ya ndani sana, njia yake ni ndefu mno. Nikaingia kwenye virtualenv (folda ya Python ya mradi) nikaandika `file bin/pip`; pip ni ile ya kusakinisha vifurushi vya Python. Nilitegemea `Python script`. Imejibu `POSIX shell script`! Kwenye mradi mwingine wenye njia fupi inajibu Python. Pip ni ile ile.

---

Mtunza Seva

Kijana, umekamata samaki mkubwa. Fungua kwa `head -3`, utaona kitu cha namna hii:

    #!/bin/sh
    '''exec' /njia/ndefu/sana/.../bin/python "$0" "$@"
    ' '''

Kerneli ina kikomo cha urefu wa mstari ule wa `#!`. Kwenye Linux ilikuwa ikisoma baiti 128 tu, na kuanzia toleo la 5.1 la mwaka 2019 ni 256. Pip ikiona njia ya python ni ndefu mno, au ina nafasi ndani yake, inatumia ujanja huu. Kwa sh, mstari wa pili ni amri ya `exec` inayoita python na kuipa faili hili hili. Kwa Python, mistari ya pili na ya tatu kwa pamoja ni maandishi yaliyofungwa kwa nukuu tatu, ambayo hayafanyi chochote. Faili moja linasomeka na lugha mbili.

Sasa mtu aniambie, hilo ni faili la aina gani? `file` imesema sh, na ni kweli, kwa kuwa ndiyo inayoanza. Wewe unasema Python, na ni kweli, kwa kuwa ndiyo inayofanya kazi. Nimelifikiria hili sana, na nadhani ndilo linaloeleza tatizo langu la mwanzo. Tunauliza "aina ya faili" kana kwamba ni kitu kimoja. ripgrep inajibu "jina lake linafanana na nini". Kerneli inajibu "nimpe nani alisome". `file` inajibu "mwanzo wake unafanana na nini". Mimi nilitaka jibu la swali la tatu nikauliza kwa zana ya swali la kwanza.

---

Mdau wa Mombasa

Ndugu zangu, mbona mnajichosha? Wekeni `.sh` kwenye kila skripti, mambo yaishe. ripgrep itaona, kihariri kitaona, kila mtu ataona.

---

Mzee wa Terminali

Ndugu yangu wa Mombasa, Debian wanasema kinyume chake, na imeandikwa kwenye sera yao: skripti inayowekwa kwenye njia ya amri isiwe na mkia unaotaja lugha. Sababu yao ina nguvu. Leo `fungasiku.sh` ni ya bash. Mwakani Mtunza Seva anaiandika upya kwa Python. Abadilishe jina kwenye cron, kwenye skripti nyingine zinazoiita, kwenye maelekezo ya ofisi? Au aache `.sh` kwenye faili la Python, jina liwe linadanganya?

Na mtu akiona `.sh` ataandika `sh fungasiku.sh`. Hapo `#!/bin/bash` yako imepuuzwa, kwa sababu ameshaita sh mwenyewe. Ubuntu tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006 `/bin/sh` ni dash, shell nyingine, si bash. Ukiwa na `[[` ya bash ndani utaambiwa `[[: not found`. Kwenye Mac `sh` ni bash ya zamani, itakubali. Mtu anajaribu kwenye Mac, inapita, anapeleka seva, inaanguka.

---

Mdau wa Mombasa

Nimekuelewa mzee, lakini sijakubali yote. Kwenye folda ya mradi, ambako watu wanahariri, mkia unasaidia. Kwenye `/usr/local/bin`, ambako watu wanaita tu, uondolewe. Sisi kwetu twafanya hivyo na hatujapata taabu.

---

BintiKodi

Mimi niko na Mdau hapo. Hata ShellCheck, zana ya kukagua skripti za shell, inahitaji kusaidiwa: ukiipa faili lisilo na `#!` wala mkia inaoujua, inatoa onyo la SC2148, inakwambia haijui ni shell ipi ikushauri. Unaweza kuiandikia juu kabisa `# shellcheck shell=bash`. Na hiyo inafaa sana kwa mafaili yanayoitwa kwa `source`, ambayo hayana haja ya `#!`.

Kuna na Linguist, ile ya GitHub inayohesabu lugha za mradi. Ina ngazi nyingi: maagizo ya kihariri ndani ya faili, jina kamili, `#!`, mkia, kisha kanuni za kutazama yaliyomo, na mwisho kabisa hesabu za uwezekano zilizofundishwa kwa mifano. Ndugu yangu anasoma Prolog chuoni, mafaili yake ya `.pl` yakawa yanahesabiwa Perl. Mstari mmoja kwenye `.gitattributes` ulitosha: `*.pl linguist-language=Prolog`.

---

Mgeni Jukwaani

Habari zenu wakubwa. Na skripti isiyo na `#!` kabisa je? Yangu haina na inafanya kazi vizuri nikiiendesha mwenyewe. Ila kwenye systemd (inayoanzisha huduma za mfumo) inakataa.

---

Mtunza Seva

Karibu sana. Yako inafanya kazi kwa hisani ya bash. Kerneli inaikataa (kosa lake linaitwa ENOEXEC), bash inaona kosa hilo na inasema "basi nitaisoma mwenyewe". Ni ile tabia ya kabla ya 1980 aliyoieleza mzee, bado ipo. cron inaita `/bin/sh`, nayo ina tabia hiyo hiyo, ila sasa atakayeisoma ni dash. Skripti ile ile, wasomaji wawili tofauti, bila wewe kubadilisha herufi. systemd haina hisani hiyo: inaiomba kerneli, inakataliwa, inaandika `Exec format error` na `status=203/EXEC`. Python nayo ukitumia `subprocess.run(["./kazi"])` itakurudishia `OSError: [Errno 8]`.

Weka `#!/bin/bash` mstari wa kwanza, baiti ya kwanza kabisa, pasiwe na nafasi wala mstari mtupu juu yake.

---

Kijana wa Python

Na hizi za akili mnemba? Google walitoa Magika Februari 2024, inatambua mafaili kwa modeli iliyofunzwa, ndogo tu, ya megabaiti chache. Nimeijaribu kwenye skripti niliyoiondolea `#!`, ikasema shell. `file` ilisema `ASCII text` tu.

---

Mtunza Seva

Nimeijaribu pia jana usiku. Kwa faili lisilo na dalili yoyote inaishinda `file`, nakiri. Kwa kazi yangu hii bado nataka zana ambayo naweza kufungua kanuni yake na kuona kwa nini imejibu hivyo. Ile kanuni ya Jumanne mtu aliweza kuisoma na kuona nafasi isiyo na alama.

Niwape na matokeo ya mwisho. Nimepita kwenye seva yote kwa hii:

    find /opt/kazi -type f -exec file --mime-type {} + | grep shellscript

Kati ya zilizotoka, kumi na nne hazina mkia. Kumi na moja hazina shida. Mbili zina `#!/bin/sh` na ndani yake kuna `[[`, zimekuwa zikipona kwa sababu aliyezipanga kwenye cron ameandika `bash` mbele. Moja ni `bin/pip` kama ya Kijana. Na `file` yenyewe iliacha moja nje: `safisha_logi`, haina `#!`, imetajwa kuwa `text/plain`. Niliipata kwa sababu ya swali la Mgeni, nikatafuta mafaili yenye ruhusa ya kuendeshwa ambayo hayaanzi na `#!`:

    find /opt/kazi -type f -perm /111 -exec file --mime-type {} + | grep text/plain

Ndani yake, mstari wa nne, kulikuwa na `/data/zamani`. Huendeshwa tarehe 1 ya kila mwezi. Leo ni tarehe 28.